Kadi ilipiga kelele, programu ikanyamaza

Nilikaa na kadi ya RAID karibu miaka mitatu, kisha nikahamia RAID ya programu, na huu ni mwaka wa nne. Kompyuta ni ileile, diski ni zilezile nne za terabaiti 4, ila moja niliyobadilisha, na kazi ni ileile: nahariri video za harusi nyumbani, nikisaidiwa na mtoto wa kaka yangu, kijana anayefungua kila kitu chenye skrubu. Jina la kadi silitaji. Yaliyonipata ningeyapata kwa nyingi za aina yake, tena yangu ilikuwa ya mkono wa pili, imetolewa kwenye seva iliyostaafishwa.

Harusi moja ya kamera tatu hunijazia gigabaiti 300 na ushee. Diski ikifa katikati ya kazi, bibi harusi harudi kuingia ukumbini upya. Ndiyo maana nilitaka RAID, yaani kuzifunga diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na moja ikifa kazi iendelee. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski mbili. RAID 5 hutawanya data na kuongeza hesabu iitwayo pariti, ili kilichokuwa kwenye diski iliyokufa kikokotolewe kutoka kwa zilizobaki. RAID 6 huvumilia vifo viwili. RAID 10 ni jozi za vioo, yaani jozi za RAID 1, zilizounganishwa. RAID 0 haikingi chochote, jina tu. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na herufi I ilisimamia neno la Kiingereza lenye maana ya "bei nafuu". Baadaye wenye viwanda wakaligeuza liwe "zinazojitegemea". Nikikumbuka kwamba kadi mpya inaweza kuzidi bei ya diski inazozilinda, siwalaumu.

Ubishi wote ni wa nani afanye hesabu hizo: kadi yenye prosesa yake, au prosesa ya kompyuta ikiongozwa na mfumo endeshi. Kila niliyemuuliza wakati ule alinijibu kwa sauti ya mtu mzima: RAID ya kweli ni ya kadi, hiyo nyingine ni ya kubahatisha. Nikanunua kadi.

Niitendee haki kwanza. Kuiweka ilikuwa rahisi kupita nilivyodhani. Unawasha kompyuta, unabonyeza vitufe viwili kabla mfumo haujaamka, unaingia kwenye menyu ya kadi yenyewe, unachagua diski nne, unachagua RAID 5, basi. Mfumo endeshi ulipoamka uliona diski moja kubwa ya terabaiti 12 na haukuuliza swali. Ungeweza kuweka Linux, ungeweza kuweka Windows, na mfumo wenyewe ungeamka kutoka kwenye diski hizohizo bila ujanja wowote. Hilo peke yake, hadi leo, programu inahangaika nalo. Tena kadi yangu ilikuwa na kumbukumbu yake ya megabaiti 512 na betri ndogo ya kuilinda. Unapoandika, kadi hupokea data kwenye kumbukumbu hiyo, huijibu kompyuta "tayari", kisha huandika diskini kwa nafasi yake. Umeme ukikatika, betri huishikilia data mpaka urudi. Kwa mafaili madogomadogo mengi, kasi yake ilinifurahisha kweli.

Sasa, kadi hizi zimezaliwa kwa ajili ya seva, na ndani ya seva kuna feni zinazovuma kama upepo wa kusi. Sanduku langu la nyumbani lina feni mbili za taratibu nilizochagua makusudi ili nisikie sauti ninapohariri. Wiki ya kwanza niligusa bati la kupozea la kadi nikarudisha kidole mbio. Kijana akafunga feni ndogo juu yake kwa vibanio vya plastiki, na feni hiyo ikawa na mlio mwembamba unaoingia masikioni kama mbu. Juu ya hapo, kila nikiwasha kompyuta nilisubiri zaidi ya dakika nzima kadi ijikague kabla mfumo haujaanza kuamka. Na kwa kuwa ilihitaji sloti ndefu, ilibidi igawane na kadi ya michoro njia za PCIe, zile zinazopitisha data kati ya kadi na prosesa. Haya ni ya kuvumilika. Nayataja kwa kuwa hakuna anayeyataja.

Ya betri ndiyo yalinipotezea siku mbili. Ijumaa moja kuhamisha video kulishuka ghafla kutoka megabaiti 300 kwa sekunde hadi chini ya 50. Nililaumu programu ya kuhariri, nikaifuta, nikaiweka upya. Nikalaumu kisoma kadi za kamera. Jumamosi usiku nikalaumu diski. Kumbe kadi ilikuwa inapima betri yake: huimwaga chaji yote, huijaza tena, na muda wote huo haiiamini, kwa hiyo haitumii ile kumbukumbu ya haraka. Huandika moja kwa moja diskini, na kwa RAID 5 mwendo huo ni wa kinyonga. Ni jambo la busara, siwezi kulikosoa, ila lilitokea bila taarifa yoyote mahali ninapotazama. Mwaka wa pili betri ilichoka kabisa, na mwendo ule wa kinyonga ukawa ndio wa kila siku hadi nilipopata nyingine.

Kisha ukaja usiku wa kelele. Saa nane usiku, mlio mkali kutoka chumba cha kazi, kama king'ora cha gari kilichofungiwa ndani ya kopo. Nilidhani ni king'ora cha moshi. Kijana alikuwa amelala kwetu siku hiyo, akatokea amejifunga shuka.

"Shangazi, ni ile kadi yako."

"Inataka nini usiku huu?"

"Inasema diski imekufa. Namba mbili."

Tuliizima kelele kwa kuitafuta amri kwenye simu, maana kitufe hakuna. Nikanunua diski nyingine, kadi ikaanza kujenga upya, na ikachukua karibu siku nzima kwa kuwa niliendelea kufanya kazi juu yake. Hapo moyo wangu ulikuwa mkononi, kwani RAID 5 yenye diski moja pungufu haina kinga tena: lazima kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha data, ya diski tatu zilizobaki isomeke. Karatasi za maelezo za diski nyingi za nyumbani hutaja uwezekano wa kushindwa kusoma mara moja kwa kila biti trilioni 100 (10 kwa kipeo cha 14), yaani takribani terabaiti 12.5. Mimi nilikuwa nasoma 12. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi yake, na yangu ilipita, lakini hesabu hiyo si ya kuijua saa nane usiku.

Lililonikera lilikuja baadaye. Ile diski "iliyokufa" niliiunganisha kwenye kompyuta nyingine, nikaipima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nzima kabisa. Sababu ni hii. Diski ya kawaida ya nyumbani ikikutana na sekta ngumu kusoma hujaribu tena na tena, wakati mwingine kwa makumi ya sekunde, kwa sababu inajidhania iko peke yake na data ikipotea ni basi. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya RAID hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kusema "hii nimeshindwa, chukueni kwa wenzangu". Kadi ilikuwa inategemea adabu hiyo ya pili. Ilipoona kimya kimezidi, ikaitangaza diski marehemu na kuitoa. Mimi niliyeweka diski za kawaida nina lawama yangu, lakini menyu ile nzuri ya vitufe viwili haikunitahadharisha.

Mwisho wa kadi haukuwa na kelele yoyote. Asubuhi moja niliwasha kompyuta, skrini ikapita pale ilipozoea kuonyesha menyu ya kadi, haikuonyesha kitu. Tukaitoa, tukaifuta vumbi, tukaihamisha sloti, tukaijaribu kwenye kompyuta ya kijana. Imekufa. Diski zangu nne zilikuwa nzima, kila moja inazunguka, kila moja ina robo yake ya harusi za watu, na sikuwa na kitu duniani kinachoweza kuzisoma. Nilizichomeka moja kwa moja kwenye ubao mama. Kompyuta ikaona diski nne tupu. Windows ikaniuliza kwa upole kama nataka kuziandaa kwa matumizi, na mkono wangu nikaukalia nisije nikakubali. Linux inaweza kuelewa mpangilio wa baadhi ya kadi. Wa kadi yangu haikuutambua.

Kadi nyingine ya ukoo uleule niliisubiri siku 19. Ilipofika, menyu yake ikasema imeona mpangilio wa kigeni: niuingize au niufute? Maneno hayo mawili yalikaa jirani, moja juu ya jingine, na kati ya hayo mawili kulikuwa na kitufe kimoja cha mshale. Nilimwita kijana aje asome kwa sauti kabla sijabonyeza. Tukauingiza, data ikarudi yote. Wiki ileile nilianza kuihamisha.

Kwa hiyo nimefika kwenye programu nikiwa na swali moja tu mkononi: siku kitu kikivunjika, nani ataweza kufungua diski zangu? Kasi haikuwa hoja tena. Wanaokwambia kadi inaipunguzia prosesa mzigo wanazungumzia prosesa za zamani. Linux inapopakia sehemu yake ya RAID 6 hujipima na kuandika matokeo, na kwenye kompyuta yangu, ambayo si mpya, iliandika zaidi ya megabaiti 20,000 kwa sekunde. Diski zangu nne zikikimbia pamoja hazifiki 1,000.

Ninachotumia ni mdadm, chombo cha Linux cha kuongoza RAID iliyomo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe. Hakina menyu ya kupendeza. Ni amri, na amri ukiikosea herufi ya diski inakutii vilevile, kwa hiyo niliandika namba ya utambulisho ya kiwandani ya kila diski kwenye ubavu wake kwa kalamu nyeupe kabla sijagusa kitu. Safari hii nikachagua RAID 10: terabaiti 8 badala ya 12. Nilipoteza nafasi, ila diski ikifa kujenga upya ni kunakili kutoka kwa pacha wake tu, hakuna kukokotoa pariti wala kuzisoma zote. Terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni saa saba na nusu hivi, na ndivyo ilivyokuwa nilipojaribu.

Hali yote ya diski iko kwenye faili moja, /proc/mdstat. Ukilifungua utaona mstari wenye [4/4] na kando yake [UUUU]. U moja kwa kila diski iliyo hai. Ikitoka moja, U yake inageuka kistari cha chini, kama jino lililong'oka. Ninaipenda sana alama hii, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuisoma.

Kisha tukafanya jaribio ambalo kwangu ndilo mwisho wa ubishi. Nilizima kompyuta, tukazitoa diski zote nne, tukazipeleka kwenye kompyuta ya kijana iliyo na ubao mama wa kampuni nyingine na prosesa ya kampuni nyingine, tukazichomeka bila kufuata mpangilio wowote, namba tatu mahali pa moja, makusudi. Akawasha Linux kutoka kwenye flashi, akaandika mdadm --assemble --scan. Sekunde chache, [UUUU]. Folda za harusi hizo hapo. Kila diski hubeba maelezo ya kikundi chake juu yake yenyewe, na programu ya kuyasoma inapatikana bure popote penye intaneti. Nikazikumbuka zile siku 19.

Sasa aibu yangu. Kadi ilinipigia kelele kwa diski isiyokufa. Programu ilininyamazia kwa diski iliyotoka kweli. Mwaka wa pili wa mdadm nilifungua mdstat nikitafuta jambo jingine, nikakuta [UU_U]. Nikarudi kwenye kumbukumbu za mfumo: ilitoka siku 41 zilizopita. Siku 41 nilikuwa nahariri huku jozi moja ina pacha mmoja. Kijana alikuwa amepuliza vumbi ndani ya sanduku na kulegeza waya mmoja wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao mama. Na mdadm haikukosa kutoa taarifa, ilituma baruapepe kama inavyopaswa, ila iliituma kwenye sanduku la ndani la msimamizi wa mfumo, ambalo mimi sikujua hata kama lipo. Ilibaki kuandika anwani yangu kwenye mstari wa MAILADDR na kuipa kompyuta njia ya kutuma barua nje. Kazi ya nusu saa ambayo niliiahirisha tangu siku ya kwanza. Niliporudisha waya, kwa kuwa nilikuwa na ramani inayoweka alama sehemu zilizobadilika, ilinakili zilizobadilika tu na kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kadi ingekesha ikilia. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Kuna mtego wa tatu unaowanasa wengi: ile "RAID" iliyomo ndani ya mipangilio ya ubao mama. Hiyo ni RAID ya programu iliyovaa sare ya kadi. Hesabu inafanywa na prosesa yako ileile kupitia kiendeshi, kumbukumbu yake ya haraka hakuna, betri hakuna, na bado umefungwa kwa mtengenezaji. Sababu pekee ya maana kuitumia ni kama unataka Windows yenyewe iamke kutoka kwenye diski mbili za kioo. Kwa data tu, Windows ina RAID yake ya programu, Storage Spaces, tangu Windows 8, na kijana anaitumia kwa michezo yake bila malalamiko.

Ataniuliza mtu kuhusu ZFS, mfumo wa mafaili wenye RAID yake ndani. Ni nzuri, na kwa jambo moja imeizidi mdadm: huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data. Pacha wawili wakitofautiana, mdadm hujua wametofautiana lakini haijui nani mkweli. ZFS hujua, na humrekebisha mwongo. Ningekuwa naanza leo labda ningeanza nayo. Inataka kuziona diski uchi, bila kadi ya RAID kujifanya mkalimani katikati, kwa hiyo kadi ile ingekuwa kikwazo na si msaada.

Udhaifu mwingine wa programu ni umeme. Haina betri, na kwa RAID 5 au 6 umeme ukikatika katikati ya kuandika, data na pariti yake vinaweza kuachana. Mimi nimeweka UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta nzima, ambayo ningeihitaji hata bila RAID, kwani programu ya kuhariri nayo haipendi kufa ghafla. Na nilipofuta kwa mkono wangu folda ya harusi isiyokuwa yenyewe, RAID iliifuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa. Iliyoniokoa ni diski ya nje iliyokuwa kabatini.

Nikitakiwa kutoa nyota: kadi ya mkono wa pili nyumbani, mbili kati ya tano, na zote mbili ni za king'ora na urahisi wa kuanza. Kwenye ofisi yenye seva ya pili ya akiba, kadi ya pili kabatini na mtu anayelipwa kuitazama, ningeipa nne. mdadm naipa nne nyumbani. Ya tano niliinyima kwa zile siku 41, ingawa kijana anasema nyota hiyo nilipaswa kujinyima mwenyewe.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, usiku, mfumo wangu huzisoma diski zote kuanzia mwanzo hadi mwisho kulinganisha mapacha. Nasikia vichwa vyake vikitembea kupitia ukuta. Kadi zote mbili ziko kwenye droo ya meza, iliyokufa na nzima, na betri nimezitoa kwa sababu moja ilikuwa imeanza kuvimba. Kijana ameshaniomba mara mbili lile bati la kupozea.